Uzi Umebaki Ukining'inia Darasani

Mpendwa Bi Swabaha,

Baada ya salamu, naomba msaada wako, na nafasi ikipatikana naomba unijibu kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo nikikaa kimya nitakuwa nimemdhulumu mtoto mara ya pili, na nikisema huenda nikakiua kitu kizuri ambacho watoto arobaini na wawili wamekijenga kwa mikono yao. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili si mbali na Makadara, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mji wa Kale, na sisi ni Wahindi ambao babu yetu alifungua duka la nyuzi na vifungo Biashara Street, duka ambalo kaka yangu analiendesha mpaka leo. Majina ya watu nimeyabadilisha, ila duka ni la nyuzi kweli, na nyuzi zenyewe utakutana nazo mbele.

Marehemu mama yangu alikuwa na mazoea yake ya Ijumaa. Asubuhi nyumba ilifukizwa udi, kisha akapanga sahani mezani, hii mkate wa sinia, hii bajia, hii halua kidogo, akazifunika kwa kawa na kutoka nasi watoto kuwapelekea majirani, Waarabu, Wabajuni, Mabohora, na mama mmoja Mgiriama aliyepanga chumba cha chini, kila mtu na sahani yake. Alipofariki nilishindwa kuendelea, kazi zilinielemea na mapishi yenyewe sikuyarithi vizuri, nikaona basi, nitakuwa natuma salamu. Nina orodha kwenye simu, watu mia moja na arobaini, wengi ni wale wale wa sahani za mama na watoto wao, na kila Ijumaa kabla ya saa sita nawatumia dua na maua kwa mpigo mmoja. Nakuapia Bi Swabaha, kila nikibonyeza namwona mama akikata kichochoro, leso imemteleza begani, mvuke unatoka chini ya kawa, na moyo wangu unatulia.

Miezi minne iliyopita namba moja nisiyoijua vizuri ilinitumia video iliyoanza kwa waridi zikifunguka polepole na sauti tamu ya msomaji, nikaitazama sekunde kumi, labda kumi na tano, upepo ulikuwa unapeperusha pazia na nilikuwa kama ninayesinzia kwa raha, nikaituma kwa wote na nikaenda kutawadha. Sikuitazama mpaka mwisho, kwani nani hutazama salamu ya Ijumaa mpaka mwisho? Kumbe dua ilipokwisha, video iliendelea, na palikuwa na mwanamke pale ufukweni Mama Ngina anamimina mafuta kutoka kwenye dumu la manjano mpaka kwenye karai, na sauti ya mwanamume inasema hayo ni mafuta ya nguruwe, huyu Mkristo anawalisha Waislamu makusudi, amkeni. Uso wake ulionekana wazi. Mimi nilijua alasiri tu, jirani aliponiandikia, "Shukran mwalimu kwa kutuzindua," nikaifungua nikaitazama yote nimesimama. Nikaifuta, lakini watu zaidi ya tisini walikuwa wameshaiona na sijui wangapi wameshaisambaza, na badala ya kuwaandikia kwamba nimekosea, niliona haya, nikaizima simu na kuiweka chini ya mto.

Mwanamke yule nilimtambua. Anaitwa Kache, anauza kachiri, vipande vyembamba vya muhogo vya kukaanga vyenye pilipili na ndimu, mimi mwenyewe nimekula kwake mara nyingi, na bintiye Purity ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, anakaa dawati la mbele. Wiki mbili hazikupita wateja wake wakaanza kumpita, kina mama wakiwavuta watoto wao kwa mkono, na jioni moja mtu akalipiga teke jiko lake. Hakurudi tena pale. Siku hizi anafua nguo za watu mtaa wa Kizingo, na Purity akawa anakuja shule haongei, amekonda uso. Halafu kwenye makundi mengine ya simu ikazuka picha ya Kache analia, imeandikwa kwamba Waislamu wamemfukuza kwa sababu amevaa msalaba, na picha hiyo, tuligundua baadaye, alipigwa kwenye mazishi ya kaka yake miaka miwili nyuma. Lakini nani alingoja kugundua? Darasani mwangu watoto waliokuwa wakigawana mahamri walijitenga, Waislamu wakahamia upande wa dirisha, Wakristo upande wa mlango, na siku moja Rehan na Gunga walipigana mpaka sare zikachanika.

Hapo ndipo mwalimu mkuu aliponiita akasema anataka somo la kuwafundisha watoto namna ya kuishi na mambo ya mitandaoni, wajue kuchuja, na akanichagua mimi, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu yalinichoma: "Wewe ni mtu wa makini." Nikakubali. Labda nilitaka kulipa kimya kimya, sijui. Tukaanza Alhamisi baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo mji mzima unasinzia, panka linazunguka pole pole, jua linaingia kwa vipande kwenye sakafu, na mimi ubaoni nawaandikia maswali matatu: nani alikitengeneza, lini, na anataka nihisi nini. Nikawafundisha kuisimamisha video wanapohisi damu inachemka, kutafuta picha hiyo hiyo ilionekana wapi mara ya kwanza, kusikiliza kama sauti na midomo vinaendana, na kutazama mpaka mwisho. Ndiyo, hilo pia niliwafundisha, kutazama mpaka mwisho, na sauti yangu haikutetemeka.

Wao wakalipenda somo kuliko nilivyotarajia. Rehan, yule yule wa ngumi, ndiye aliyeipata video ya asili, iliwekwa mtandaoni mwaka mmoja kabla na mgeni mmoja wa Nairobi aliyekuwa akizisifu zile kachiri, na ndani yake anasikika Kache mwenyewe akicheka na kusema, "Ongeza ndimu, usiogope." Ile sauti ya nguruwe ilibandikwa juu ya kicheko chake. Siku Rehan alipotuonyesha, Purity aliinamisha kichwa mezani akalia, na Gunga akainuka upande wa mlango akaenda kukaa karibu na Rehan bila mtu kumwambia. Tangu siku ile watoto wamechanganyika tena, Bi Swabaha, mahamri yamerudi kugawanywa, na hicho ndicho kitu ninachoogopa kukivunja.

Kisha Purity akaja na wazo lake. Akasema, "Mwalimu, tumejua ni uongo. Sasa tujue ulitembeaje mpaka ukamfikia mama." Kila mtoto akaenda nyumbani kuuliza kwa heshima, nani alikutumia hii, na kila jina likaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani, na uzi ukafungwa kutoka kadi hadi kadi. Nyuzi nilizileta mimi kutoka dukani kwetu, nyekundu, samawati, kijani. Ukuta ule sasa ni mzuri ajabu, upepo ukipita unatetemeka wote, na mchana ninaposahihisha peke yangu hujikuta nimeacha kalamu nautazama tu. Nyuzi kumi na moja zimekutana kwenye kadi moja, kadi ya Khala Tasleem, mdogo wake mama yangu. Na Khala Tasleem alitumiwa na mimi.

Purity aliponiuliza kama nitaweza kumuuliza Khala, kwa vile anajua ni wangu, nilisema nitamuuliza. Alhamisi iliyofuata nikamwambia Khala alibadilisha simu na ujumbe wote ulipotea. Nilimdanganya mtoto wa yule mama, mbele ya ubao wenye maswali matatu kwa mwandiko wangu. Yeye alinitazama kidogo tu akasema, "Sawa, Mwalimu. Basi tutauacha uzi." Akakata uzi mweupe, akaufunga kwenye kadi ya Khala, na ule mwisho mwingine akauacha ukining'inia. Aliukata mrefu kuliko haja, ukishuka unafika mpaka kwenye meza yangu, na panka likiwashwa unanigusa mkono.

Khala mwenyewe, nilipomwendea nikilia, alinibembeleza akaniambia, "Nyamaza tu mwanangu, mimi n'shasema simu iliharibika nikabadilisha, wa kunipinga ni nani? Usijiaibishe." Kila nikilala mchana namwota mama. Anapita vichochoroni na sahani zake, nyumba ni zile zile ila milango haina watu, namfuata nimsaidie kubeba, na nikiinua kawa nakuta chini yake simu inawaka waridi, na yeye hageuki nyuma, anaendelea kubisha hodi.

Sasa Alhamisi hiyo ya wiki ijayo wazazi wamealikwa kuja kuuona ukuta, na Kache atakuja, Purity amemshawishi. Nikisema, wazazi watasema mwalimu gani huyu, mwalimu mkuu atalifunga somo, na watoto watajua kwamba mtu waliyemwamini ndiye aliyeanza. Nisiposema, somo litaishi na shule mbili jirani zimeshaomba kuja kujifunza. Je, si bora kosa langu lifie ndani yangu, watoto waendelee kufaidika? Nishauri, mama, maana usingizi na uongo vimenichanganya sijui kipi ni kipi.

Mwalimu wa Alhamisi,
Mji wa Kale, Mombasa.

Bi Swabaha anajibu:

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na jibu hili naliandika hasira zikiwa hazijaisha, kwa hivyo nivumilie.

Huruma kwanza. Kidole chako kilipobonyeza Ijumaa ile, ungeweza kuwa mimi. Nami hutumiwa waridi mpaka simu inajaa, na nimewahi kusambaza nisichokitazama nikaambiwa ahsante. Aliyeitengeneza video ile alituchungulia vizuri, akajua kwamba dua hatuitilii shaka, akauficha uchafu wake nyuma ya dua. Mzigo huo ni wake na ataulizwa yeye.

Ila miezi minne ya kunyamaza ni yako peke yako. Umeniandikia kuhusu pazia, panka, upepo na ndoto, umeandika vizuri mno, na katika barua yote hiyo sikuona mahali ulipokwenda nyumbani kwa Kache. Hata mara moja! Umemwona mtoto wake akikonda mbele yako kila siku, ukampa somo, ukampa nyuzi za rangi, na mama yake ukamwacha afue. Na siku uliyomwambia Purity kwamba simu ilibadilishwa, hukuwa unasinzia. Ulikuwa macho kabisa. Kosa hilo linaniuma kuliko la video.

Wasema unanyamaza kwa ajili ya somo. Mimi nasema unanyamaza kwa ajili ya uso wako, somo umejifunika nalo tu. Fikiri kidogo. Watoto hao umewafundisha kuuliza nani, na wewe mwenyewe wasema watu tisini waliiona kwako. Unadhani siri ya watu tisini hukaa Mji wa Kale? Wakija kujua kwa mtu mwingine, ndipo somo litakapokufa, na watarudi dirishani na mlangoni wakiwa na neno jipya la kutupiana, kwamba Waislamu walifichiana. Gunga atakuwa na haki ya kulisema, na Rehan hatakuwa na la kumjibu. Wakijua kutoka kinywani mwako, watakuwa wamemwona mtu mzima akifanya lile lililo ubaoni, na hilo sidhani wameliona mara nyingi, shuleni wala majumbani.

Khala Tasleem mwambie mapenzi yake kwako nimeyaona, na hiyo simu yake iliyoharibika aitengeneze leo.

Halafu hizo salamu zako unazoziita sahani za mama. Nami nilikulia nyumba ya namna hiyo, mtaa si mbali na wenu, kwa hivyo usinidanganye. Ulimwona lini mama yako akifunika sahani asiyoionja? Kijiko kilipita kila sufuria kwanza, chumvi ikipungua ikaongezwa, bajia ikiungua akaila mwenyewe jikoni. Kisha akajua hii inakwenda kwa nani, ana sukari huyu au hana, na yule Mgiriama wa chini anapenda pilipili. Wewe umewatumia watu mia moja na arobaini kitu usichokionja, na hujui hata mmoja wao alikuwa na hali gani siku hiyo. Ndiyo maana kwenye ndoto hageuki. Hakutambui na sahani hizo.

Sasa nisikilize. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, ingia jikoni. Wasema mapishi hukuyarithi, basi pika kitu kimoja unachokiweza, ukionje, ukifunike, ukakipeleke kwa Kache wewe mwenyewe kwa miguu yako. Mwombe Purity awepo. Usianze na waridi wala na upepo. Sema, "Mimi ndiye niliyeituma, sikuitazama mpaka mwisho, nilijua siku hiyo hiyo na nikanyamaza, na wewe Purity nilikudanganya kuhusu simu." Kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu na sahani umwachie. Akikutukana, umemkopesha nini umdai heshima? Usilie mbele yake ukamlazimisha akubembeleze, hiyo kazi ya kubembelezwa umeshaimaliza kwa Khala.

Kesho asubuhi mwambie mwalimu mkuu, mlango umefungwa, kabla wazazi hawajafika. Akisema somo lifungwe, mwambie alikabidhi kwa mwingine, lakini ukuta usiguswe. Nadhani hatalifunga. Walimu wakuu wanaogopa aibu ya kushtukizwa kuliko aibu ya kuambiwa.

Ijumaa, saa ile ile yako, waandikie wale mia moja na arobaini. Maua usiweke. Waambie, "Nilichowatumia siku fulani kilikuwa uongo, mafuta yale ni ya kawaida, na mama huyu nimemwomba radhi." Kama Kache atakubali, na umuulize kwanza kwa sababu uso ni wake, waambatanishie ile video ya asili aliyoipata Rehan, wasikie kicheko chake. Na siku Kache atakapoamua kurudi Mama Ngina, kama ataamua, uwe wa kwanza kukaa kwenye benchi lake, wewe na buibui lako na Khala Tasleem ubavuni, mle kachiri hadharani mpaka giza liingie. Watakaowaona ni wengi kuliko walio kwenye orodha yako. Baada ya hapo, ukitaka kutuma salamu, tuma kwa watu watano kila Ijumaa, kwa majina yao, uwaulize hali.

La mwisho ni jambo ambalo naona umeliandika bila kulitazama. Purity amefuata nyuzi kumi na moja, nyumba kwa nyumba, akauliza kwa heshima mpaka akafika kwa Khala yako. Mtoto huyo angeshindwa kweli kujua ni nani huwatumia watu salamu kila Ijumaa kabla ya saa sita? Mtaa mzima unajua. Nadhani naye anajua, mwalimu, tangu siku ile alipokutazama kidogo akasema sawa. Angeweza kuandika jina lako mwenyewe akalibandika ukutani mbele ya watu, na hakufanya hivyo.

Alhamisi chukua kadi, andika jina lako kwa mwandiko wako, na uushike ule uzi mweupe uufunge. Hutahitaji kuuvuta, alishaupima.